Nyumba ya Stewart Haikutoka kwa Banquo

Katika miaka ya 1330, Richard FitzAlan, bwana wa Arundel kusini mwa Uingereza, alimwuzia mfalme wake Edward III haki ya kuwa Msimamizi Mkuu wa Uskoti, yaani mkuu wa nyumba ya mfalme wa huko. Bei ilikuwa marki 1,000. Cheo hicho hakikuwa chake. Kilikuwa na mwenyewe, kijana Robert Stewart, mjukuu wa mfalme Robert Bruce, na jamaa zake walikuwa wamekirithishana kwa karibu miaka 200.

Ni rahisi kuiona biashara hiyo kuwa hila ya vita tu, maana Edward alikuwa akitafuta kila kisingizio cha kuibana Uskoti. Lakini hila hupata nguvu pale inapokuwa na chembe ya ukweli. Bwana wa Arundel, ambaye ngome yake ilikuwa Sussex, mamia ya maili kutoka mto Clyde wa Uskoti, angewezaje kudai cheo cha huko bila kuchekwa? Aliweza kwa sababu yeye na Robert Stewart walikuwa ndugu wa mbali. Nasaba zao zilikutana kwa mtu mmoja, Alan mwana wa Flaald, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 12. Na huyo Alan hakuwa Mskoti wala Mwingereza. Alikuwa Mbretoni, kutoka Bretagne, magharibi mwa Ufaransa ya leo.

Nimeanza na mauzo hayo kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo wapenzi wengi wa historia ya Uskoti hulisahau: asili halisi ya ukoo wa Stewart ilikuwa inajulikana. Haikupotea gizani hadi watu wakalazimika kubuni. Iliwekwa kando, ikabadilishwa na hadithi iliyowapendeza zaidi wafalme, na hadithi hiyo ndiyo inayosomwa mashuleni hadi leo kupitia tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, ambamo wafalme wa Stewart ni kizazi cha bwana wa Kiskoti aitwaye Banquo. Kwa maoni yangu, hadithi hiyo ya kubuni imeiibia Uskoti historia yenye maana kubwa kuliko yenyewe: jinsi wahudumu wa nyumba ya askofu walivyokuja kuwa wafalme bila kuwa na tone la damu ya kifalme upande wa baba.

Tuanze Dol. Huu ni mji mdogo kaskazini mwa Bretagne, karibu na mpaka wa Normandie, na katika karne ya 11 maaskofu wake walikuwa na makuu: walidai hadhi ya askofu mkuu wa Bretagne yote. Mkubwa wa namna hiyo alihitaji mtu wa kumsimamia nyumba. Chakula kinatoka wapi, nani analala wapi, kodi ya shamba lipi imefika na ipi haijafika, wageni waketishwe kwa utaratibu gani. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa jamaa mmoja waliorithishana baba kwa mwana. Mmoja wao, Alan, msimamizi wa Dol, anatajwa miongoni mwa Wabretoni waliokwenda katika Vita vya kwanza vya Msalaba mwaka 1097. Nduguye alikuwa Flaald, baba wa yule Alan niliyemtaja mwanzoni.

Flaald tunamwona tena ng'ambo ya bahari. Mwaka 1101 au 1102 alihudhuria kuwekwa wakfu kwa kanisa la watawa la Monmouth, mpakani mwa Wales. Mabwana wa Monmouth nao walikuwa Wabretoni wa pande za Dol, na nyumba ile ya watawa ilikuwa chini ya abasia ya Saint-Florent ya Saumur, iliyopendwa na Wabretoni wa eneo hilo. Kwa hiyo huyu si mtu aliyedondoka kutoka mbinguni. Ni mtu aliyefuata njia ambayo watu wa kwao walikuwa wamekwisha kuipita tangu William wa Normandie aivamie Uingereza mwaka 1066 akiwa na Wabretoni wengi jeshini.

Aliyewapandisha hasa ni Henry I. Kabla ya kutwaa kiti cha Uingereza mwaka 1100, Henry alikuwa mwana wa mfalme asiye na ufalme, akitawala kipande cha Normandie kiitwacho Cotentin, jirani na Bretagne. Huko ndiko alikojenga urafiki na wapiganaji wadogo wadogo ambao baadaye aliwaita kumsaidia. Mwaka 1102 bwana mkubwa wa Shropshire, Robert wa Bellême, alimwasi na kunyang'anywa ardhi yake yote ya Uingereza. Mpaka wa Wales ukabaki wazi, na Henry akahitaji watu ambao hawana deni kwa yeyote ila yeye. Alan mwana wa Flaald alipewa Oswestry, ngome inayotazama Wales moja kwa moja, pamoja na mashamba ya Norfolk. Akamwoa Avelina, binti wa Ernulf wa Hesdin, mwenye ardhi nyingi. Na alipotaka kuanzisha nyumba ya watawa huko Sporle, Norfolk, aliiweka chini ya Saint-Florent ya Saumur, abasia ileile ya Wabretoni. Mtu akihama anaweza kubadili lugha na mavazi, lakini sala zake humfichua.

Alan alikuwa na wana watatu tunaowafuatilia. Jordan alichukua mambo ya Bretagne. William alichukua Oswestry na ardhi ya Uingereza, na kizazi chake, baada ya ndoa moja nzuri katika karne ya 13, ndicho kilichopata Arundel. Wa tatu, Walter, hakuachiwa urithi wa maana.

Mwaka 1138 Uingereza ilikuwa imegawanyika kati ya Stephen, aliyekikalia kiti, na Matilda, binti wa Henry I, aliyeahidiwa kiti hicho. William alishika upande wa Matilda na kuifunga ngome ya Shrewsbury. Stephen akaizingira, akaiteka, akawanyonga walinzi wake zaidi ya 90. Miongoni mwa walionyongwa alikuwa Arnulf wa Hesdin, mjomba wao akina William. William mwenyewe alitoroka akaishi bila ardhi yake kwa miaka mingi. Ndugu mdogo katika familia kama hiyo alikuwa na sababu zote za kutazama kaskazini, kwa David I, mfalme wa Waskoti, aliyekuwa mjomba wa Matilda na mtetezi wake.

Hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa ya familia moja na kuwa ya nchi. David alitawala kuanzia 1124 hadi 1153. Ujana wake aliupitisha katika baraza la Henry I, akajifunza namna Wanormani wanavyotawala: ngome, hati zilizoandikwa, miji yenye soko na ushuru, wapiganaji wa farasi wanaolipwa kwa ardhi. Aliporudi kutawala alikuja na watu wake. Robert wa Brus, ambaye jina lake linatokana na Brix huko Cotentin, alipewa Annandale. Hugh wa Morville, naye wa Cotentin, akawa mkuu wa majeshi ya mfalme. Walter, mwana wa Alan, akapewa kusimamia nyumba ya mfalme. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. David aliamini hivyo kwa dhati, ingawa wenyeji hawakuulizwa.

Tunayajua mapato ya Walter kwa sababu ya hati. Mnamo mwaka 1161 au 1162, mjukuu wa David, Malcolm IV, alithibitisha kwa maandishi yale ambayo babu yake alikuwa amempa: Renfrew, Paisley, Pollok, Cathcart, Eaglesham, Lochwinnoch, Innerwick na kwingineko. Malipo yake yalikuwa kutoa huduma ya wapiganaji watano wa farasi. Na juu ya ardhi hiyo, hati ikasema usimamizi wa nyumba ya mfalme utakuwa wake na wa warithi wake daima.

Neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mashamba yote. Ardhi aliyopewa mtu na mfalme huweza kunyang'anywa na mfalme ajaye. Tumeona yaliyompata Robert wa Bellême. Lakini kazi ya kurithiwa inampa mtu kiti cha kudumu pembeni ya mfalme, kila mfalme, kizazi baada ya kizazi. Babu zake Walter walijua hilo tangu Dol. Si ajabu kwamba mtu aliyetoka kwenye ukoo wa wasimamizi wa kurithishana akahakikisha kwamba usimamizi mpya nao unaandikwa hivyo. Mimi naona hapo ndipo chimbuko la nyumba ya Stewart lilipo, kwenye ustadi wa familia iliyokwisha kuona nyumba ya mkubwa inavyoendeshwa kutoka ndani. Hata jina lao ni la kazi hiyo, maana msimamizi kwa Kiingereza ni steward. Mjukuu wa Walter, Walter wa pili aliyefariki 1241, alijiita Msimamizi wa Uskoti, na cheo kikageuka kuwa jina la ukoo. Ngao yao ina mkanda wa miraba ya buluu na nyeupe, ambao kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni kitambaa cha meza ya kuhesabia fedha.

Paisley inahitaji kituo. Karibu mwaka 1163 Walter alianzisha nyumba ya watawa wa Cluny, abasia kubwa ya Ufaransa, kwanza Renfrew, kisha ikahamia Paisley baada ya miaka michache. Watawa wa kwanza walikuwa 13, na walitoka Much Wenlock, Shropshire, jirani na ardhi ya kaka yake. Ukitazama watakatifu ambao nyumba hiyo iliwekwa chini ya ulinzi wao utawakuta wawili wenye kusema mengi. Mmoja ni Milburga, mtakatifu wa Wenlock ambaye Uskoti haikuwa na sababu ya kumjua. Mwingine ni Mirin, mtakatifu wa kale wa hapo Paisley, aliyeheshimiwa na wenyeji muda mrefu kabla Wabretoni hawajafika. Walter aliwaweka pamoja. Alileta wa kwao na akamchukua wa wenyeji, na kwa tendo hilo moja la ibada akajifanya mtu wa mahali. Si historia zote za uhamiaji zinazoacha ushahidi wazi namna hii.

Aliwaleta watu pia. Robert wa Montgomery alipata Eaglesham chini yake, na Montgomery ni jina la mpaka wa Wales. Ayrshire akatokea Richard aliyeitwa Waleis, yaani mtu wa Wales, na kijiji chake kikaja kuitwa Riccarton. Ndiyo asili ya jina la Wallace, jina ambalo leo hutajwa kama kiapo cha uzalendo wa Kiskoti kuliko jina jingine lolote. Wale wanaotafuta Uskoti safi isiyochanganyika waanze kwa kulitafakari jina hilo.

Wapo waliokataa mpango huu mpya. Mwaka 1164 Somerled, mtawala wa Argyll na visiwa vya magharibi, aliingia mto Clyde na kundi kubwa la merikebu akashuka karibu na Renfrew, kitovu cha ardhi ya Walter. Aliuawa hapo pamoja na mwanawe. Sababu zake hazikuandikwa na watu wake, lakini mahali aliposhukia panaeleza. Baada ya hapo Stewart ndio waliosukuma kuelekea baharini. Ndani ya miaka 40 hivi walikuwa wamekipata kisiwa cha Bute, na ngome yao ya duara huko Rothesay ilishambuliwa na Wanorwei mwaka 1230, wakaukata ukuta kwa mashoka.

Vizazi vilivyofuata niruhusiwe kuvipita upesi. Alexander alipigana Largs dhidi ya Wanorwei mwaka 1263. James alikuwa mmoja wa walinzi sita wa ufalme walioteuliwa 1286 baada ya mfalme kufa bila mwana. Mwanawe Walter alikuwa Bannockburn 1314 akiwa bado kijana, na mwaka uliofuata akamwoa Marjorie, binti wa mfalme Robert Bruce. Marjorie alifariki muda mfupi baada ya kumzaa Robert mwaka 1316. Mtoto huyo ndiye aliyesubiri kuliko mrithi yeyote. Mjomba wake, David II, alikuwa mdogo kwake kwa umri na akatawala hadi 1371. David alipofariki bila mtoto, Robert alivikwa taji akiwa na miaka 55. Bwana wa Douglas alijitokeza Linlithgow na watu wenye silaha kupinga kabla hajatulizwa.

Kwa hiyo haki ya Stewart kutawala ilipita kwa mwanamke mmoja aliyekufa kijana. Kwa kipimo cha nasaba ya baba, ambacho ndicho makabaila walikipenda, mfalme mpya alikuwa mjukuu wa wasimamizi, na wapinzani wake walilijua hilo.

Hapo ndipo pengo lilipoanza kuzibwa kwa masimulizi. Mshairi John Barbour, aliyepata malipo kutoka kwa Robert II, alitunga utenzi wa nasaba ya Stewart ambao haupo tena. Kisha mwaka 1527 Hector Boece, mkuu wa chuo cha Aberdeen, alichapisha Paris historia ya Waskoti kwa Kilatini. Ndani yake akamweka Banquo, bwana wa Lochaber, aliyeuawa na Macbeth. Mwanawe Fleance anakimbilia Wales, anazaa na binti wa mfalme wa huko, na mtoto huyo, Walter, anarudi Uskoti na kufanywa msimamizi. James V, mfalme wa ukoo wa Stewart, aliagiza kitabu hicho kitafsiriwe kwa Kiskoti. Holinshed, mwandishi wa historia wa Uingereza, akaichukua hadithi, Shakespeare akaipokea kwa Holinshed, na karibu mwaka 1606, mbele ya taifa lililokuwa limempata mfalme mpya James wa Uskoti, jukwaani wakapita wafalme wanane, kizazi cha Banquo.

Macbeth alikuwepo: alimshinda na kumwua Duncan vitani mwaka 1040 akatawala miaka 17. Banquo hakuwepo. Hakuna maandishi ya zama zake yanayomtaja. Lakini angalieni jinsi uongo ulivyojengwa kwa matofali ya kweli. Walter wa hadithi anatoka Wales. Walter wa kweli alitoka mpaka wa Wales. Fleance jina lake linagongana na Flaald. Mtu aliyeitunga alikuwa na vipande vya kumbukumbu mkononi, akavipanga upya ili babu mgeni ageuke kuwa mwenyeji aliyerudi nyumbani. Bretagne peke yake ndiyo iliyofutwa kabisa.

Kwa nini ifutwe? Wengi husema ni kujikweza tu. Nadhani ni zaidi ya hapo. Vita vya uhuru dhidi ya Uingereza vilikuwa vimeibadili Uskoti namna ilivyojieleza. Tamko la Arbroath la mwaka 1320, barua ya mabwana wa Uskoti kwa Papa, linajivunia wafalme 113 wa damu yao wenyewe, bila mgeni kuingia kati. Miongoni mwa waliotajwa kuituma ni Walter Msimamizi wa Uskoti, mzao wa Flaald, pamoja na akina Sinclair, Fraser na Graham, ambao babu zao nao walikuja na Kifaransa midomoni. Sioni unafiki hapo. Watu hao walikuwa wameimwagia damu nchi ile na walikuwa Waskoti kweli. Lakini mara taifa linapojieleza kuwa damu moja isiyokatika, familia inayopanda kiti chake haiwezi tena kusema kwa sauti kwamba babu yake alivuka bahari kutafuta kazi. Banquo alizaliwa kutokana na hitaji hilo.

Kumwondoa kulichukua muda mrefu kuliko kumleta. Lord Hailes, jaji wa Edinburgh, aliikataa hadithi hiyo katika karne ya 18. George Chalmers, mwaka 1807, alimwunganisha Walter na akina FitzAlan wa Shropshire. Hata hivyo Eyton, mwanahistoria hodari wa Shropshire, bado alijaribu katikati ya karne ya 19 kuonyesha kwamba Flaald na Fleance ni mtu mmoja. Mwaka 1901 John Horace Round alizifuata hati za Saint-Florent, Monmouth na Sporle hadi Dol, na mjadala ukafungwa. Alichotumia kilikuwa ni orodha za mashahidi wa zawadi za makanisa, karatasi ambazo hakuna mfalme aliyefikiria kuzirekebisha kwa sababu hakuna aliyeona zina hatari.

Leo mrithi wa taji la Uingereza akiwa Uskoti ni Duke wa Rothesay, Baron wa Renfrew, Bwana wa Visiwa, na Msimamizi Mkuu wa Uskoti. Cheo cha Walter na cheo cha wazao wa Somerled vimekaa juu ya kichwa kimoja. Watu husoma orodha hiyo kama mapambo. Mimi naisoma kama daftari la nani alimchukulia nani nini.

Na daftari hilo lina kurasa zilizokosekana ambazo zinanishughulisha kuliko Banquo. Hati ya Malcolm haikugawa nchi tupu. Bonde la Clyde lilikuwa kiini cha ufalme wa kale wa Strathclyde, na huko Govan, maili chache kutoka Renfrew, yamebaki mawe zaidi ya 30 ya kuchongwa ya zama za kabla ya Wabretoni, mengine yakiwa makaburi ya wakubwa ambao hatuna majina yao. Wazao wao hawakuondoka Paisley na Cathcart kwa sababu Walter alipewa. Waliendelea kulima, wakampelekea mazao, wakasali kwa Mirin ndani ya kanisa ambalo sasa lilikuwa la mgeni. Wanaotafuta babu zao wa Kiskoti siku hizi hukimbilia tartani ya Stewart, yaani kitambaa cha miraba cha ukoo huo, au jina lililo kwenye ngao, wakati kwa hesabu ya kawaida ya vizazi wengi wao wana damu nyingi zaidi ya hao wakulima kuliko ya Flaald. Wanahistoria wa eneo wanaochambua majina ya mashamba na mipaka ya parokia wamekwisha kuianza kazi ya kuwafuata. Huko ndiko ningetaka fedha na wasomi waelekezwe, maana kuhusu asili ya Stewart wenyewe hati zimekwisha kusema.